Kiasi cha Bunduki

Katika Kiswahili cha zamani neno kiasi lina maana mbili. Ya kwanza yajulikana na kila mtu: ni kipimo, yaani kadiri ya kitu isiyozidi wala isiyopungua. Ya pili siku hizi husikika mara chache: kiasi cha bunduki ni ganda lililokwisha kutiwa baruti na risasi, tayari kupigwa. Maana hizo mbili zapatana sana. Mwenye bunduki ya kushindiliwa mdomoni alimimina baruti yake mwenyewe, na kabla ya kumimina alijiuliza anakwenda kumpiga mnyama gani. Kwa mnyama mkubwa alitia nyingi, kwa kanga alitia kidogo. Aliyekosa kipimo alipoteza kitoweo, au aliumia bega.

Uhuru huo wa kupima ulipungua zilipokuja bunduki za kisasa. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyotoa moshi mwingi, yenye nguvu kuliko ile nyeusi ya zamani. Majeshi ya mataifa makubwa yakachukua upesi baruti za namna hiyo, na viwanda vikazitia katika viasi vilivyokwisha kupimwa na kufungwa. Mnunuzi hakuulizwa tena anakwenda kupiga nini. Alipewa kipimo kimoja, nacho kilikuwa kile cha vita.

Mfano mzuri wapatikana Marekani. Mwaka 1906 jeshi la nchi hiyo lilianza kutumia kiasi kiitwacho .30-06. Tarakimu za kwanza zaonyesha upana wa mtutu, sehemu 30 katika mia za inchi, na za pili ni za mwaka wenyewe. Risasi yake ya vita, yenye uzito wa greni 150, hutoka kwa mwendo wa futi 2,700 hivi kwa sekunde. (Greni ni kipimo kidogo mno: greni 7,000 ndizo ratili moja.) Baadaye wawindaji waliipenda sana bunduki hiyo, nao waliipenda kwa haki, kwa maana humwangusha kulungu mkubwa na hata dubu. Lakini mtu akimpiga sungura kwa risasi laini ya kiasi hicho iliyotengenezwa ipasuke ndani ya mnyama, hana nyama ya kupeleka nyumbani. Atakachookota ni manyoya na damu.

Mtu mwenye bunduki moja

Basi afikiriwe mkulima wa vilima vya Vermont, au mchunga ng'ombe wa Montana, mwenye bunduki moja ya namna hiyo. Msimu wa kulungu ni siku chache katika mwaka. Siku nyingine porini mna kindi wakubwa, sungura, na ndege wa jamii ya kwale. Hao wote ni kitoweo kizuri, na sheria ya jimbo lake humruhusu kuwapiga kwa majira yao, akiwa na cheti. Je, bunduki yake ikae ukutani miezi kumi na mmoja?

Watu wengi hujibu kwa kununua bunduki ya pili, ile ndogo ya .22, ambayo viasi vyake vimekuwapo tangu karne ya kumi na tisa. Ni jibu jema, wala si la kudharauliwa. Lakini wako wengine ambao tangu zamani wamejibu kwa njia nyingine: huirudisha kazi ya kupima mikononi mwao. Huokota maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa, husubu risasi zao wenyewe, hutia baruti kidogo, na hivyo huifanya bunduki kubwa kupiga kama ndogo.

Desturi hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1884, mwaka ule ule wa uvumbuzi wa Vieille, John Barlow alianzisha katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut, kampuni iliyoitwa Ideal, ya kuuza kalibu za kusubu risasi na vyombo vya kujaza maganda. Kampuni hiyo ilitoa pia kitabu cha mafundisho kilichosomwa na maelfu ya watu waliokaa mbali na maduka. Mwaka 1925 kazi hiyo ilichukuliwa na kampuni ya Lyman, ambayo bado huuza kalibu na vitabu. Jeshi la Marekani nalo lilipata kutumia viasi hafifu vya risasi za kusubu, ili askari wafanye mazoezi ya shabaha ndani ya majumba wakati wa baridi. Baada ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945, bunduki nyingi za kijeshi ziliuzwa kwa raia kwa bei ndogo, na watu wasio na fedha za kununua viasi vya dukani wakajifunza kazi hii kwa wingi.

Faida yake yahesabika kwa urahisi. Kiasi kamili cha .30-06 hutumia greni 50 hivi za baruti. Kwa hiyo ratili moja yatosha mipigo 140. Kiasi hafifu chaweza kutumia greni 10 hivi za baruti ya aina nyingine, iwakayo upesi, na ratili moja ikatosha mipigo 700. Risasi ya greni 150 ikitoka kwa mwendo wa futi 1,100 kwa sekunde badala ya 2,700, nguvu yake ni karibu sehemu moja ya sita ya ile ya kwanza. Bega haliumii, na mlio ni mdogo. Risasi hutoboa tundu dogo na kupita bila kuharibu nyama. Tena mwindaji huizoea bunduki yake mwaka mzima, hata msimu wa kulungu ukifika, mkono wake haumtetemeki.

Tarakimu hizi zatajwa ili msomaji aone tofauti tu. Si maagizo ya kutengenezea. Kila bunduki, kila baruti na kila risasi ina kipimo chake, nacho hutafutwa katika vitabu vya watengenezaji wenyewe.

Kusubu

Kiswahili huita kwa jina moja, risasi, madini yenyewe na kile kirukacho kutoka mtutuni. Kwa mtu asubuye nyumbani mambo hayo mawili ni kitu kimoja kweli kweli. Madini ya risasi huyeyuka kwa joto la digrii 327 za Selsiasi, ambalo jiko dogo hulifikia. Huyeyushwa katika sufuria ya chuma, takataka zinazoelea huondolewa, kisha huchotwa kwa upawa na kumiminwa ndani ya kalibu. Baada ya sekunde chache kalibu hufunguliwa, na risasi huanguka juu ya kitambaa, inang'aa kama fedha mpya.

Risasi tupu ni laini mno. Ikisukumwa kwa kasi huacha utando katika mifuo ya mtutu, na shabaha huharibika. Kwa hiyo huchanganywa na bati na antimoni ili iwe ngumu. Kwa miaka mingi mchanganyiko uliosifiwa kuliko yote ulitoka mahali ambapo wasomaji wa magazeti wangeweza kupakisia: ni yale madini ya mitambo ya linotipu, iliyopanga herufi za magazeti. Katika sehemu 100, 84 zilikuwa risasi, 12 antimoni, na 4 bati. Gazeti lililokwisha kusomwa lilifungiwa samaki, na herufi zilizochakaa ziliweza kumfikia mwindaji. Lakini magazeti yaliacha mitambo hiyo moja baada ya moja. The New York Times liliiacha mwezi wa Julai mwaka 1978. Tangu hapo wasubuji wengi wametumia vile vipande vya kusawazisha magurudumu ya motokaa, navyo sasa vyazidi kuadimika, kwa kuwa majimbo kadhaa yamekataza visitengenezwe kwa risasi. California ilikataza tangu mwaka 2010.

Risasi iliyosubiwa hupakwa mafuta yaliyochanganywa na nta ya nyuki, ili iteleze mtutuni. Zile zinazokusudiwa kwenda kasi zaidi huvikwa kitakoni kikombe kidogo cha shaba nyekundu, kisicho kikubwa kuliko kifungo cha shati, ili moto wa baruti usiziunguze. Kwa kiasi hafifu cha kumpigia kindi, kikombe hicho mara nyingi hakihitajiki.

Kidogo kina hatari yake

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea katika fikira zao. Hudhani ya kuwa kitu chenye nguvu ndogo hakihitaji uangalifu mkubwa. Katika kazi hii mambo ni kinyume.

Kiasi kamili hujaza ganda karibu mpaka shingoni. Mtu akisahau na kutia baruti mara ya pili, humwagika mezani, naye hujua amekosea. Lakini kiasi hafifu cha baruti kali huchukua sehemu ndogo tu ya ganda. Kikitiwa mara mbili, hata mara tatu, ganda halifuriki. Kwa nje ganda hilo halitofautiani na mengine, ila likipigwa laweza kupasua bunduki mbele ya uso wa mwenyewe. Hatari hii imewatoa watu macho na vidole.

Hatari ya pili ni ya kupunguza mno. Baruti ikiwa kidogo kupita kipimo, risasi haitoki, bali hukwama katikati ya mtutu. Zile zilizovikwa shaba hukwama upesi zaidi kuliko za kusubu. Mwindaji husikia mlio wa ajabu, kama kikohozi. Asipotambua akapiga tena, risasi ya pili huikuta ya kwanza njiani, na mtutu huvimba au hupasuka. Kuna pia baruti ziwakazo polepole, ambazo watengenezaji wake wamekataza zisipunguzwe chini ya kipimo kilichoandikwa, kwa maana zikiwa chache katika ganda kubwa haziwaki kwa namna ya kutegemewa.

Kwa sababu hizo wazoefu wa kazi hii wana kanuni ambazo huzishika kama dini. Juu ya meza huwa na aina moja tu ya baruti, wala hawawashi redio. Maganda huyapanga katika kibao chenye matundu 50. Wakiisha kutia baruti, humulika ndani ya kila ganda kwa taa, wakitazama kama usawa ni mmoja, na ndipo hutia risasi. Wengine huchagua baruti nyepesi ya kujaza nafasi, ili ikitiwa mara mbili imwagike na kujitangaza. Na wakiwa porini, mlio ukiwa si wa kawaida, huacha kila kitu, hutoa komeo la bunduki, na kuchungulia mtutuni mpaka waone mwanga upande wa pili.

Mkulima wa Vermont yumo katika kazi hiyo usiku wa baridi. Amekwisha jaza maganda 30, na mjukuu wake anakuja kumwita, chakula ki tayari. Anaporudi anashika ganda la 31 na kusita. Je, hili alikuwa amelijaza, au alikuwa bado? Akitazama kwa taa, huona baruti, lakini hana hakika kama ni mara moja au mbili. Mtu wa haraka angesema, “Bila shaka ni sawa.” Mtu mwenye kiasi huyamwaga yote 31 na kuanza upya. Hasara yake ni dakika 20. Na yule mjukuu aliyekuja kumwita ndiye atakayesimama karibu naye asubuhi, bunduki itakapolia.

Sumu na jirani

Madini ya risasi ni sumu, nayo huwadhuru watoto zaidi kuliko watu wazima, hasa katika akili zao. Kwa hiyo sufuria ya kuyeyushia haipiki tena chakula. Kazi hufanywa mahali penye hewa nyingi. Zile takataka zinazoondolewa juu zina vumbi baya, hivyo hufungwa ndani ya kopo na kutupwa kama sheria inavyoagiza. Aliyemaliza kazi hunawa kwa sabuni kabla ya kugusa mkate au mtoto. Na tone moja tu la maji likizama ndani ya madini yaliyoyeyuka hugeuka mvuke mara moja na kuyarusha juu, yakamwunguze mtu usoni. Ndiyo sababu wasubuji huvaa miwani na glavu, na hawaweki birika karibu.

Sumu hiyo haikomei nyumbani. Katika California ndege mkubwa aitwaye kondori, jamaa ya tai mzoga, alikaribia kutoweka kabisa. Mwaka 1982 walikuwa wamebaki 22 tu. Moja ya sababu kubwa ni kwamba walikula mizoga na matumbo ya wanyama waliopigwa, wakameza vipande vya risasi. Kwa hiyo jimbo hilo lilipitisha sheria mwaka 2013, na tangu tarehe 1 Julai 2019 mwindaji haruhusiwi kutumia viasi vya madini ya risasi kumpigia mnyama yeyote wa porini. Huko, mtu aliyerithi kalibu ya baba yake aweza kuitumia kwa shabaha ya mbao, si kwa sungura. Wengine wamenung'unika. Lakini aliyekubali kupima baruti kwa ajili ya bega lake na nyama yake, hana budi kukubali pia kupimiwa kwa ajili ya ndege ambaye si wake.

Tena yuko jirani. Risasi hafifu huanguka upesi. Kwa yadi 100 hushuka zaidi ya futi moja chini ya mstari wa mtutu, hali risasi ya kiasi kamili hushuka inchi tatu hivi tu. Kwa hiyo mwindaji hupanga shabaha yake upya na kuvumilia mpaka mnyama awe karibu, yadi 50 au chini ya hapo. Lakini risasi hafifu si risasi isiyokwenda mbali. Hata ile ndogo ya .22, ikielekezwa juu, yaweza kwenda zaidi ya maili moja. Kindi akiwa juu ya tawi na nyuma yake ni mbingu tupu, mtu mwenye busara hapigi. Hungoja ashuke hata shina la mti liwe nyuma yake.

Jambo la mwisho ni la kuweka alama. Viasi hafifu na viasi kamili hufanana kwa umbo. Basi kila aina hutiwa katika kisanduku chake na kuandikwa tarehe, baruti na uzito, kama karani aandikavyo daftari. Mtu asiyeandika hutegemea kumbukumbu, na kumbukumbu huchoka.

Nchini Kenya habari hizi haziwezi kuwa mafundisho ya kazi. Uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwaka 1977, na mtu hawezi kuweka bunduki wala viasi vyake bila cheti. Lakini mkulima apimaye dawa ya kuogeshea ng'ombe aijua habari hii. Dawa ikizidi humdhuru mnyama, ikipungua kupe hawafi, na chupa yenyewe haisemi kama imekwisha kumiminwa mara moja au mbili. Karani naye aijua, kwa kuwa tarakimu ndogo iliyoandikwa mara mbili ndiyo iharibuyo hesabu nzima, maana kubwa huonekana upesi.

Wenye bunduki kubwa ni wengi. Wanaojua kuipunguza mpaka imfae sungura ni wachache, nao hupatikana mezani usiku, wamenyamaza, wakimulika ganda moja baada ya moja. Mwenda pole hajikwai.